Neno Uliloandika Juu ya Valizi Yako

Sifa mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi, na chai tumekunywa kwenye bakuli moja, kwa hiyo sitakuuliza habari yako. Barua hii haisafiri mbali. Ninaiandika jikoni, daftari juu ya magoti, saa hii ambapo wewe umeenda kuaga shangazi zako upande wa msikiti, na baba yako anakaza mnyororo wa pikipiki uani. Kesho atakupeleka mpaka Kabambare, kutoka pale mpaka ziwani, halafu boti, halafu Kigoma, halafu Ujiji kwa bibi yako Mwajuma, ambaye amekubali kukulaza na kukusomesha. Shule ya kule masomo yote ni Kiingereza. Ndiyo maana tangu miezi sita unazunguka nyumba na kile kitabu cha Kiingereza bila jalada, unasema peke yako kama mtu mwenye homa.

Habari za kufua, za kula, za kusali, za kumheshimu bibi, sikuandikii. Unazijua. Mimi nakuandikia juu ya jana, maana tangu jana naunguza kila ninachopika, na wewe na baba yako mnafikiri ni uchungu wa safari.

Jana mchana niliingia chumbani na ungo wa mchele. Nikaona valizi yako ya nguo imesimama kando ya kitanda, na ubavuni mwake, kwa kalamu nene nyekundu, herufi kubwa nne: MINE.

Sikumbuki kuangusha ungo. Nakumbuka nilikushika mkono, nikakuvuta mpaka uani, nikipiga kelele: "Toka! Usiguse! Toka!" Na wewe ulikuwa unacheka, unajikwaa unacheka.

"Mama! Iko valizi yangu!"

"Nani ameandika kitu ile?"

"Mimi mwenyewe! Iko Kingereza, mama. Haisomwi sawa na Kifaransa. Inasomwa 'main'. Maana yake yangu."

"Yangu nini?"

"Yangu tu! Valizi yangu. Watu wasikuye kuichanganya na yao kwenye boti."

Ukakaa juu ya kinu, ukaanza kunifundisha, mwalimu wangu mdogo. Kitabu changu, ni main. Nyumba yangu, ni main. Viatu vyangu, main. Mama yangu pia, main. Nikakuuliza, maana ilinishangaza kweli: wale watu wana neno moja tu kwa changu, na yangu, na langu, na wangu? Hawatofautishi mtoto na kiti? Ukasema hawatofautishi. Ukaongeza kwamba hata shimo la kuchimba dhahabu kwao ni main, na bomu la kufukiwa chini ni main vilevile.

"Sasa mutu akisema main, utajuaje anasema gani?"

"Unaangalia maneno ya mbele na ya nyuma, mama. Neno haliko peke yake."

Baba yako naye akaingilia kutoka kwenye pikipiki, na kile Kifaransa chake cha sokoni: "Mama Sifa, leo uko na mine mubaya kabisa!" Anataka kusema uso, uso wangu ulikuwa umeharibika. Ukapiga makofi: "Baba ameleta ingine!" Mlicheka mpaka majirani wakachungulia.

Mimi nilikuwa nimerudi ndani, naokota mchele kwenye vumbi la sakafu, punje moja moja, sikucheka. Kwa sababu neno lile, limeandikwa hivyohivyo, kwa rangi ileile, nililiona zamani. Na miaka kumi na tatu yote nilikuwa najua maana yake. Jana wewe umenionyesha kwamba sikujua.

Ile hadithi ya bomu, Sifa. Ile ambayo baba yako anawapa wageni kila sikukuu, namna mama yako alikubeba mgongoni akapanda kilima mbio, wakati bomu liko kando ya mto. Ile uliyoandika shuleni kwa zoezi la insha, mwalimu akakupa alama nzuri, ukaja kunisomea hapahapa jikoni, nami nikageuka kupuliza moto. Haikuwa hivyo. Nataka uijue kabla hujapanda pikipiki, na uijue kwangu.

Ulikuwa na miaka mitatu. Mimi nilikuwa na ishirini. Tulikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, mbele ya Kabambare, mwendo wa siku moja kwa miguu. Baba yako alikuwa anabeba mizigo ya wachuuzi, anaenda anarudi. Mimi nilikuwa nawapikia wachimbaji chini ya turubai, ugali wa mihogo na majani yake, sombe. Pale walikuwa wananiita Madame. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilimaliza shule ya msingi na mwaka mmoja wa sekondari, kabla ya mimba yako. Kwenye kambi ile ya watu wengi, wanawake tuliojua kusoma tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa na macho mabaya. Walikuwa wananiletea barua zao, vibandiko vya dawa, karatasi za serikali. "Madame, inasema nini hapa?" Na mimi nasoma. Wakati mwingine nilikuwa sielewi nusu, nikajaza mwenyewe. Hakuna aliyewahi kunikamata. Utamu wa kuitwa Madame ukaniingia, Sifa. Nikasahau neno "sijui".

Nilipokuwa mwaka wa sita, baada ya vita, watu wa kutegua mabomu walipita shuleni kwetu. Walituonyesha kibao chekundu chenye fuvu la kichwa, na chini yake neno MINES. Walituimbisha: usiguse, usikimbie, rudi polepole ndani ya nyayo zako, kamwambie mkubwa. Wiki ileile mwalimu wetu alitukaripia tusivunje mine za kalamu za risasi, maana yake ule mti mweusi wa ndani. Tukacheka, tukasema kalamu zetu zitalipuka. Kwa hiyo nilikuwa najua tangu utoto kwamba neno lile lina nyumba zaidi ya moja. Na wanaume wa kambi, wale waliofikafika mjini, shimo lao pia walikuwa wanaliita mine. Nilikuwa na maana tatu mkononi. Siku ilipofika, hofu ndiyo iliyonichagulia.

Asubuhi ile tulishuka mtoni wanawake watano kutoa mihogo iliyolowekwa. Wewe nilikukalisha chini karibu na maji, unacheza na maganda. Mama Feza, rafiki yangu na jirani yetu mpaka leo, ndiye aliyeona kwanza.

"Madame, kuja uone. Kuko kisanduku hapa."

Lilikuwa sanduku la bati, limefungwa kwa kamba ya nailoni nyeusi, limewekwa kando ya njia, hatua kama kumi kutoka pale ulipokaa. Juu yake rangi nyekundu, bado mbichi, inachuruzika. MINE.

Nikasoma. Nikapiga kelele: "Ni mine! Iko bomu! Kimbieni!"

Tukakimbia wote. Usikimbie, walituimbisha, na mimi ndiye niliyekuwa mbele. Nilipanda kile kilima kama mtu mwenye miguu minne. Juu, kwenye turubai za kwanza, nikasimama, nikavuta pumzi, nikatazama mikono yangu.

Nilikuwa nimebeba beseni la mihogo.

Nimeandika, sasa soma tena kama unataka. Nilibeba beseni la mihogo, zito, limejaa maji, yakinimwagikia kifuani. Wewe nilikuacha.

Mama Feza akaniuliza: "Sifa iko wapi?"

Mungu ananiona, niliangalia ndani ya beseni.

Kelele yetu ya "bomu" ilikuwa imefika kwenye mashimo. Wachimbaji walikuwa wanapanda kama siafu, wanasukumana, na kijana mmoja, Amisi, alianguka kutoka kwenye ngazi, mguu ukavunjika, mfupa ukaonekana. Nikasema mtoto wangu yuko chini. Mwanaume mmoja akanishika: "Usiende, itakulipukia." Na hapa ndipo pagumu kuliko beseni, mwanangu. Alinishika kwa mkono mmoja tu. Si kwa nguvu. Kama ningetaka kujivuta ningejivuta. Nililia, nilipiga mayowe, nilijigaragaza, watu wote waliniona ninavyotaka kwenda. Lakini sikwenda. Mimi peke yangu nilijua ule mkono haukuwa unanizuia.

Halafu tukamwona mtu anapanda kutoka mtoni. Mrefu, mgeni, shati la buluu. Mkono mmoja alikuwa amekubeba wewe, mwingine amebeba lile sanduku. Watu wakalala chini wote kifudifudi. "Weka chini! Weka!" Yeye alisimama, akatushangaa. Wewe ulikuwa umeshika kola yake, unanyonya kidole, huna habari.

Alikuwa fundi wa pampu. Mwenye shimo, tuliyekuwa tunamwita Pedeje, yaani mkurugenzi, kwa sababu alikuwa mkubwa wa wote, alimleta usiku uliotangulia kutoka upande wa Uganda, aje kutengeneza mashine ya kuvuta maji. Swahili yake ilikuwa maneno ishirini. Jina lake Wilisoni. Alikwenda kuangalia mpira wa maji upande wa juu wa mto, akasikia mtoto analia peke yake, akakuokota. Hakuna zaidi ya hapo. Alisikia mtoto analia, akaenda.

Pedeje akafungua sanduku mbele yetu. Spana. Bisibisi. Vipande vya mpira, kopo la grisi, na kopo dogo la rangi nyekundu.

Watu walikuwa wamekasirika sasa, unajua watu wakishaogopa bure. Amisi alikuwa analia kama mbuzi. Wakamwuliza Wilisoni kwa nini ameandika bomu kwenye sanduku lake. Hakuelewa. Alidhani wanasema ameiba sanduku. Akapiga bati kwa kiganja, akajipiga kifuani, akasema "Main! Main!" Mara nyingi alisema. Na mimi nilisikia, Sifa, kwa masikio haya. Main. Anapiga sanduku, anajipiga kifua. Mtoto wa miaka mitatu angeelewa.

Pedeje akanigeukia. "Madame, wewe unajua kusoma. Ameandika nini hapa?"

"Mine."

"Na maana yake?"

Watu wote walikuwa wanangoja mdomo wangu. Nilikuwa na nafasi pale ya kutosha kupitisha ng'ombe. Ningesema, Pedeje, sijui, labda kwao ni neno lingine. Lakini kama mgeni hana kosa, basi aliyepiga kelele ni nani? Aliyevunja mguu wa Amisi ni nani? Na aliyekimbia na beseni?

Nikasema: "Ni bomu. Ameandika kwa kusudi. Alitaka tukimbie, abaki peke yake aibe mchanga wetu wa dhahabu, na abebe mutoto wangu."

Yale ya mtoto sikuyapanga. Yalitoka yenyewe, na ndiyo yaliyowasha moto.

Wakampiga. Si sana, kwa desturi za machimbo si sana. Makofi, mateke, shati likachanika. Vijana wakatupa sanduku lake ndani ya shimo lililojaa maji, lile ambalo alikuja kulikausha. Kabla ya kofi la kwanza Mama Feza alikuchukua kutoka mkononi mwake, akanipa, na wewe ulikataa. Ulinisukuma kwa miguu. Ulikuwa unanyoosha mikono kwake, unalia, na watu wakasema: mnaona, amekwisha kumroga. Wilisoni akaondoka kwa miguu, mvua inaanza. Kwenye kona ya njia aligeuka mara moja. Nilijificha nyuma ya turubai.

Jioni baba yako akarudi. Watu ambao hawakuwapo walikuwa wamemwambia njiani, habari imekwisha kugeuka.

"Nasikia umemubeba mutoto mbio mpaka juu! Mwanamuke wangu huyu!"

Mimi nikampa maji ya kunawa. Mama Feza alikuwa karibu, anatwanga sombe. Akanitazama. Akaendelea kutwanga. Ikawa basi. Sikusema hata neno moja, Sifa, hadithi ilijijenga yenyewe juu ya mdomo wangu uliofungwa. Na kila mwaka baba yako anaongeza tofali.

Sasa unaelewa kwa nini jana sikucheka. Miaka hii yote nilikuwa na kosa moja ninalolijua: kukuacha. Lile nililibeba kimya, nikalilipa kwa kukupenda mno, mpaka unalalamika kwamba nakufuata hata chooni. Lakini upande wa mgeni nilikuwa nimejisamehe. Nilikuwa najiambia: nani anaandika bomu kwenye sanduku? Mtu mwema hawezi. Lazima alikuwa na jambo. Nililala vizuri juu ya hiyo. Halafu jana wewe, na kitabu chako bila jalada, ukakaa juu ya kinu ukasema: maana yake yangu, watu wasikuye kuichanganya. Kumbe alikuwa anasema hivyo tu. Kumbe alikuwa anaogopa wasimwibie spana. Herufi nne, mtu anataka kusema hiki ni changu, mimi nikamnyang'anya.

Nimeshtuka na bado nashtuka. Asubuhi hii nilikuwa nakoroga uji nikasikia tena sauti ya Wilisoni, "Main! Main!", nikageuka kuangalia mlangoni.

Unakwenda mahali ambapo utakuwa wewe ndiye mgeni wa maneno. Watakucheka Swahili yako. Ukisema "iko" watakuiga. Utaandika kitu, na mtu atasoma kingine. Utasoma kitu, na kitakuwa kingine. Sina dawa ya hilo. Najua tu kitu kimoja, nimekijua kwa kuumiza mtu: ile dakika unapoulizwa maana, watu wote wanangoja, na wewe unataka kuonekana umesoma. Dakika ile ni fupi sana, mwanangu. Mimi niliipitisha. Wewe ukiikuta, sijui utafanya nini, sitakuwapo. Lakini ukisema "sijui" wakacheka, wacha wacheke, kicheko hakivunji mguu wa mtu.

Na kama siku moja utakuwa na mtoto, ukajikuta umekimbia na beseni, maana inaweza kumpata mtu yeyote, mwili una akili yake mbaya, basi shuka umchukue. Hata kama umechelewa, shuka tu. Aliyenishika alinishika kwa mkono mmoja tu.

Nilitaka kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute Ujiji, mimi niko mbali, kati yetu ziwa. Nilikwisha kuikunja. Halafu nikaona: ndiyo yaleyale. Ni kupanda kilima tena, na wewe uko chini peke yako na kitu kilichoandikwa.

Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, jua likiwa bado juu. Utasoma mbele yangu. Baba yako nitamwambia kabla yako, sasa hivi, nikimaliza kuandika. Ataacha mnyororo, atakaa chini, sijui atasema nini. Hadithi yake nzuri itakufa leo, na yeye anaipenda kuliko mimi. Wewe pia una haki ya kukasirika. Kasirika hapahapa uani, usibebe hasira kwenye boti. Uniulize chochote, hata kile cha kuniumiza, hata mara tatu. Kama usiku huu hutaki kulala karibu na mimi, nitatandika mkeka mlangoni.

Nina tumaini, usifikiri sina. Mtoto ambaye anaweza kumweleza mama yake neno moja mpaka likafungua miaka kumi na tatu, huyo atasoma kweli. Mimi nina miaka thelathini na tatu tu. Bado naweza kujifunza kusoma, safari hii polepole.

Nasikia sauti yako kwenye kona, unamsalimia Mama Feza. Baba yako amesimama, ananitazama mimi na kalamu yangu. Naenda kwake. Ukifika langoni, usishangae kukuta sisi wawili tumekaa chini. Njoo tu. Mimi niko hapa, siendi popote.

Mama yako.